Mtoto Amecheza Kutwa: Amejifunza Nini?

Saa sita mchana, langoni mwa shule ya awali yoyote mjini, mazungumzo ni yale yale. Mzazi anapokea begi, anampangusa mtoto vumbi la magotini, kisha anauliza: "Leo mmesoma nini?" Mtoto anajibu: "Tumecheza." Mzazi anapekua daftari na kukuta ukurasa wa juzi ndio wa mwisho kuandikwa. Jioni ujumbe unaingia kwenye grupu la WhatsApp la wazazi: jamani, hivi ada tunalipia michezo?

Wataalamu wa makuzi ya watoto hulijibu swali hili haraka. Kucheza ndiko kujifunza, wanasema, na wakishasema hivyo wanaona wamemaliza. Mzazi naye harudi nyumbani ameridhika, na mimi simlaumu, kwa sababu jibu hilo ni kweli nusu tu. Mtoto anaweza kucheza kutwa asipate lolote la kumsaidia kusoma, kama vile anavyoweza kunakili herufi kutwa asiambulie kitu. Nikitazama yaliyofanyika Mombasa, Unguja, Tanga na kwingineko, naona jambo moja linaloamua zaidi ya mengine yote, nalo ni kama mtoto, akiwa anacheza au akiwa ameshika penseli, ana mtu mzima karibu wa kusemezana naye.

Tuanze na mzazi, maana yeye hulaumiwa sana na kusikilizwa kidogo. Anapodai daftari lijae, anakuwa ameshalichungulia darasa la kwanza. Katika shule nyingi za umma za mjini darasa hilo lina watoto wanaopita mia, na mwalimu hana nafasi ya kumrudia asiyeijua "ba". Anayefika akisoma hupewa chaki, huitwa mbele, hugeuka msaidizi wa mwalimu. Asiyejua hukaa nyuma na kuzoea kukaa nyuma. Upande wa shule binafsi kuna usaili: mtoto wa miaka sita anafungiwa chumbani na mwalimu asiyemjua na karatasi ya maswali, huku mama yake akihangaika nje. Kenya ilijaribu kulizuia hilo kwa Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, inayokataza shule ya umma kumpa mtoto mtihani wa kumruhusu aingie, isipokuwa ule wa kumpangia darasa. Shule binafsi zimeendelea na usaili wao.

Halafu kuna mahafali: joho, kofia ya pembe nne, mpiga picha, na mtoto wa miaka sita anayesoma risala ambayo kwa kweli ameikariri. Sina ugomvi na keki. Ila siku ile ndipo shule hujinadi, na kitu rahisi kunadi ni mtoto anayeonekana kusoma. Mwalimu anajua hivyo tangu Januari na anaupanga mwaka wake kuelekea siku hiyo.

Hofu ya mzazi ina ushahidi pia. Uwezo, shirika lililokuwa likipima watoto majumbani kwao Tanzania, Kenya na Uganda, lilitoa ripoti mwaka 2012 ikionyesha kwamba takriban watoto wawili kati ya watatu wa darasa la tatu hawakuweza majaribio ya kusoma na kuhesabu ya kiwango cha darasa la pili. Mtu akisoma takwimu kama hiyo, ni kawaida kusema tuanze mapema zaidi na tukaze zaidi. Lakini ni vigumu kuamini kwamba watoto wale walikosa kuimba a-e-i-o-u. Wimbo huo ndio kitu cha kwanza unachosikia ukipita nje ya darasa lolote la watoto wadogo katika nchi hizi.

Kwenye karatasi, ugomvi wa mchezo na herufi uliisha zamani. Tanzania Bara iliitambua elimu ya awali kama ngazi rasmi katika sera ya 1995. Sera ya 2014 ikaufanya mwaka mmoja wa awali kuwa wa lazima, na ada ilipoondolewa mwanzoni mwa 2016 watoto wakamiminika. Zanzibar iliiingiza elimu ya maandalizi katika elimu ya msingi kwa sera yake ya 2006. Kenya, kwa Katiba ya 2010, iliikabidhi kazi hii kwa serikali za kaunti, na mtaala wa umilisi ulioanza kutumika 2019 ukapanga madarasa ya PP1 na PP2 kwa vipindi vya nusu saa, huku masomo yakiitwa shughuli: za lugha, za hisabati, za mazingira na kadhalika. Taasisi ya Elimu Tanzania nayo inamtaka mwalimu aligawe darasa katika kona za kujifunzia. Hakuna mtaala hata mmoja kati ya hiyo unaosema mtoto wa miaka mitano akalishwe anakili ubao. Ndiyo maana sioni faida ya kuandika sera nyingine.

Kona zenyewe zikifanya kazi inakuwaje? Asubuhi moja nilikaa katika darasa la awali la shule ya umma, Temeke, karibu na kona ya duka. Rafu ilikuwa maboksi yaliyopangwa ubavu. Bidhaa zilikuwa makopo ya Blue Band, paketi tupu za majani ya chai, boksi la dawa ya meno na mfuko wa unga uliojazwa mchanga. Hela ilikuwa vizibo vya soda. Mbele ya kila bidhaa mwalimu alikuwa amesimamisha kadi yenye jina. Mwenye duka alikuwa msichana wa miaka mitano hivi, na mteja alikuwa mvulana aliyejifunga kitenge kiunoni, ameinama, ameshika kijiti. Ni bibi huyo.

"Hodi hapa dukani."

"Karibu, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Nipe sabuni."

Mkono wa mwenye duka ukaenda kwenye kadi ya sukari. Mwalimu, aliyekuwa amechuchumaa pembeni, hakumwambia amekosea. Alisema tu: "Hebu, mama, tusikilize. Bibi anataka saaa... buni." Msichana akazitazama kadi mbili zile, midomo ikicheza bila sauti, akaurudisha mkono na kuchukua ya pili. Bibi akatoa vizibo vitano, akadai chenji, akapewa kimoja, akakataa. Wakaanza kuzozana. "Sabuni bei gani?" mwalimu akauliza. "Vitatu." "Bibi kakupa vingapi?" Wakahesabu wote wawili, wakarudia. Chenji ni viwili, na bibi alikuwa amepewa kimoja tu.

Hapo mtoto wa tatu, ambaye hadi wakati ule alikuwa akitazama tu, akavuta kipande cha karatasi na kalamu ya rangi, akachora mistari ya mawimbi na kiduara kimoja. Mwalimu akamuuliza ameandika nini. Akaisoma kwa uzito wote, kidole kikifuata mistari kutoka kushoto kwenda kulia: "Bibi anadai kizibo kimoja. Aje kesho."

Haya yalichukua kama dakika kumi. Ndani yake msichana alitofautisha "sa" na "su" kwa sikio kwanza, kwa jicho baadaye, na alikuwa na sababu ya kufanya hivyo, kwa kuwa mteja amesimama anasubiri. Wawili walitoa vitatu kwenye vitano bila kuambiwa kwamba hiyo ni hesabu. Wa tatu, asiyejua herufi hata moja, alikuwa ameshaelewa kwamba maandishi hutunza neno la mtu hadi kesho, na kwamba mstari unasomwa kuanzia kushoto. Watu wanaofundisha wasiojua kusoma watakwambia kwamba bila kulielewa hilo, herufi ni mapambo tu. Na hakuna hata moja kati ya hayo lililoingia kwenye daftari la mtu.

Ukweli ni kwamba lile duka lisingefundisha kusoma lolote kama mwalimu angekuwa mezani anasahihisha madaftari. Watoto wangenunua na kuuza, wangezozana, mwenye nguvu angechukua vizibo, basi. Zile kadi zingebaki karatasi.

Kwa nini sikio kwanza? Anayejifunza kusoma Kiswahili anahitaji kugundua kwamba neno linakatika vipande: sa-bu-ni. Watoto wetu hupata mazoezi ya kukata maneno muda mrefu kabla ya shule. Michezo ya kupigana makofi wawili wawili, nyimbo za kuzunguka duara, kuhesabiana kabla ya kombolela ili ajulikane nani atafuta wenzake, yote hukata maneno kwa mapigo, na pigo likikosewa mchezo unaharibika. Vitendawili hufanya kazi nyingine, kwa kumlazimisha mtoto asikie maneno yanayosema kitu kimoja na kumaanisha kingine. Kujipikilisha, ambako watoto wa Kenya hukuita kalongolongo, humpa maneno ya watu wazima ayajaribu mdomoni: ya shangazi mgomvi, ya daktari, ya konda. Mwalimu mjanja huyachukua yaliyopo. Anawaambia watoto wapige makofi ya neno "mtoto", nao wanapiga matatu, kumbe tayari wameijua "m" inayosimama peke yake. Kisha anawajaribu kwa "mbu" na "mbuzi". Kila neno lina makofi mawili, ila hayakatiki mahali pamoja, na darasa zima hucheka linapogundua kwamba mbu ana makofi sawa na mbuzi.

Lugha yenyewe inatupa nafasi ya kupumua ambayo wazazi wengi hawaijui. Kiswahili kina irabu tano na kinaandikwa karibu kama kinavyotamkwa. Utafiti mmoja maarufu uliochapishwa 2003 ulilinganisha watoto wanaojifunza kusoma kwa lugha 13 za Ulaya. Mwishoni mwa mwaka wa kwanza wa shule, Wafini walisoma kwa usahihi karibu maneno yote ya kawaida, asilimia 98, ilhali watoto wa Uskochi wanaojifunza Kiingereza waliweza asilimia 34 tu. Wafini hao huanza shule wakiwa na miaka saba, na Waskochi wakiwa na mitano. Kilichowabeba Wafini kwa sehemu kubwa ni maandishi yao, ambayo, kama yetu, hayamfichi msomaji kitu. Kwa hiyo mzazi anayemkimbiza mtoto wa miaka mitatu asome Kiswahili ni kama msafiri aliyeamka saa nane usiku kuwahi daladala ya saa kumi na mbili: hatafika mapema zaidi, na njiani atasinzia.

Nisieleweke vibaya, si kwamba kazi ni nyepesi. Katie Alcock na Damaris Ngorosho walichunguza namna watoto wa Tanzania wanavyoandika maneno ya Kiswahili, na makala yao ya 2003 inasema wazi hata kwenye kichwa chake kwamba kujifunza tahajia ya lugha inayoandikwa kwa utaratibu si jambo dogo. Mtoto anapambana na "ng" na "ng'", na "ny", na "dh" na "th" ambazo nyumbani kwao pengine hazitamkwi, na "l" na "r" zinazobadilishana nafasi kulingana na kabila la bibi yake. Yote hayo huanzia kwenye sikio. Mwandiko haumsaidii mtoto ambaye hajawahi kuisikia tofauti hiyo polepole, kwa sauti ya mtu anayemtazama usoni.

Tena kuunganisha silabi ni nusu ya kazi. Mtoto anaweza kuisoma sentensi nzima bila kosa na usipate jibu ukimuuliza imesema nini. Huyo amekosa maneno na amekosa hadithi. Vitu hivyo haviingii kichwani kwa wiki mbili kabla ya usaili, vinajengwa miaka, kwa kusimuliwa na kusomewa. Mradi wa Vitabu vya Watoto ulianzishwa Tanzania mwaka 1991 kwa sababu watoto hawakuwa na vitabu vya Kiswahili vya kusoma kwa raha, na hadi leo madarasa mengi ya awali hayana hata kumi vinavyofaa kusomwa kwa sauti. Saa moja ya mwisho ya siku, watoto wamechoka, uji umeshanywewa, mwalimu anashika kitabu kikubwa na kuuliza: sasa huyu sungura mnadhani atafanyaje? Mimi ningeipa saa hiyo uzito kuliko zote. Kwa bahati mbaya ndiyo inayofutwa kwanza ratiba ikibana.

Ushahidi kutoka mbali unaelekea huko huko, japo inafaa kuusoma kwa tahadhari. Nchini New Zealand, Sebastian Suggate na wenzake walilinganisha watoto waliofundishwa kusoma wakiwa na miaka mitano na wengine walioanza wakiwa na saba. Walipofikia kama miaka 11, waliochelewa walikuwa wamewafikia wenzao. Hao lakini ni watoto wenye vitabu nyumbani na wazazi wanaosoma. Kumchelewesha mtoto wa kijiji kisicho na gazeti wala kitabu, bila kumpa kitu kingine mahali pake, si jambo lile lile. Tennessee, Marekani, ilitoa funzo chungu zaidi. Watoto wapatao 3,000 waliomba nafasi chache za shule za awali za jimbo, nafasi zikagawiwa kwa bahati nasibu, na watafiti wakawafuatilia. Mwanzoni waliopata nafasi walikuwa mbele. Matokeo yaliyochapishwa 2022 yanaonyesha kwamba walipofika darasa la sita walikuwa nyuma ya wenzao kimasomo, na wenye makosa mengi zaidi ya nidhamu. Dale Farran, mmoja wa walioongoza utafiti huo, amekuwa akiyanyooshea kidole madarasa ambamo mwalimu anaongea muda mwingi na watoto wanapanga mistari, wanasubiri, wanaambiwa wakae. Shule ya awali, basi, inaweza hata kumrudisha mtoto nyuma.

Mfano ninaoupa uzito mkubwa zaidi uko hapa hapa Pwani. Watu wa mwambao wamefundisha watoto wadogo kusoma kwa karne nyingi, alifu kwa kijiti, katika vyuo vya Qur'ani. Miaka ya 1980 viongozi wa Waislamu wa Mombasa walikuwa na wasiwasi kwamba watoto wao wanafika shule za serikali hawako tayari na wanaachwa nyuma. Wazazi hawakutaka kumtoa mtoto chuoni ili wampeleke nasari. Kwa msaada wa taasisi za Aga Khan, na mwalimu aliyeitwa Bi Swafiya Said akiwa mstari wa mbele, ulianza mpango wa shule za awali za madrasa ambao haukuwalazimisha kuchagua. Dini ilibaki, nyimbo na hadithi za Kiswahili zikaingia, na vifaa vikatengenezwa kwa vifuu, kokwa, makuti, vitambaa na maboksi. Mtoto alichagua kona, akafanya kazi yake, kisha akaeleza mbele ya wenzake alichofanya. Mpango ukavuka hadi Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993.

Utafiti wa Peter Mwaura, Kathy Sylva na Lars-Erik Malmberg, uliochapishwa 2008, ulilinganisha watoto wa shule hizo na wa shule nyingine za awali, pamoja na waliobaki nyumbani, katika nchi zote tatu. Waliokwenda shule yoyote ya awali waliwapita waliobaki nyumbani, na wa madrasa waliwapita wote. Wengi hukisoma kisa hiki kama sifa ya vifuu na makuti. Mimi nakisoma kama sifa ya malezi ya walimu. Walimu wale walikuwa wanawake wa mtaa ule ule, wengine wakiwa na elimu ndogo ya darasani, lakini hawakupewa semina ya siku tatu na cheti wakaachwa. Wakufunzi waliwarudia madarasani mara kwa mara, wakakaa, wakatazama, wakawaonyesha namna ya kumuuliza mtoto swali linalomfanya aongee. Kifuu hupatikana bure. Kumfundisha mtu mzima azungumze na mtoto badala ya kumwamrisha kunachukua muda na hela.

Zanzibar ilijaribu njia nyingine pale walimu walipokosekana kabisa. Kuanzia 2006, kupitia mradi wa masomo ya redio, vilianzishwa vituo vya jamii vilivyopewa jina la Tucheze Tujifunze, kwa kifupi TuTu. Sauti ya redio iliongoza mchezo, wimbo na hadithi, na mlezi wa kijijini akawaongoza watoto kufuata: simameni, rukeni mara tatu, tafuteni kitu chenye sauti hii. Naupenda mradi ule kwa sababu haukujifanya kwamba redio inatosha. Ulihitaji mlezi awepo, na ulimwandaa.

Linganisha na jaribio la vishikwambi mkoani Tanga. Kati ya 2017 na 2019, shindano la kimataifa liitwalo Global Learning XPRIZE lilipeleka vifaa hivyo katika vijiji 170, kwa watoto wapatao 3,000 ambao wengi wao hawakuwa wamewahi kwenda shule. Programu zilifundisha kusoma Kiswahili kwa michezo, bila mwalimu. Mwanzoni zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja. Baada ya miezi 15 idadi hiyo ilikuwa imepungua kwa nusu. Ni jambo kubwa, sitaki kulidogosha, kwa mtoto ambaye hana shule ndani ya kilomita kumi. Ila nusu nyingine, waliokuwa na mchezo mkononi kwa mwaka mmoja na robo, hawakuweza kusoma neno hata mwishoni. Watetezi wa "waacheni wacheze tu" wangefaa kuitazama nusu hiyo.

Hapo ndipo naachana na wenzangu wa upande wa mchezo. Tunaandika vipeperushi vyenye picha za watoto wanane kuzunguka meza ndogo, kisha tunampa mwalimu aliye na watoto 120 chumba kimoja. Kiwango cha serikali ya Tanzania ni mwalimu mmoja kwa watoto 25. Baada ya ada kuondolewa, shule nyingi za umma zilipita mbali sana na hapo, na tunashangaa kwa nini zinaimba a-e-i-o-u. Mwalimu yule anajua anachofanya. Kuimba kwa pamoja ndiyo shughuli pekee ambayo watoto 120 wanaweza kuifanya kwa wakati mmoja bila mtu kuumia. Ukimwambia afungue kona tano, ana watoto 24 kila kona, na kona nne hazina mtu mzima. Akichuchumaa kwenye duka, kwenye udongo wa kufinyanga wanamwagiana maji. Mchezo hugeuka kipindi cha kuwatoa nje wachoke, na mzazi anayesema "wanacheza tu" anakuwa amesema kweli.

Lugha inazidisha uzito. Mtoto wa Kisukuma wa Maswa au wa Kimasai wa Ngorongoro anaweza kuingia darasa la awali akiwa na maneno machache tu ya Kiswahili, na anafundishwa kusoma maneno asiyoyajua. Kwake mchezo wa duka si ziada, ndio unaomwezesha kuijua "sabuni" kwa kuishika. Mwalimu anayeongea lugha ya pale na kuchanganya kidogo anafanya kazi ambayo mtaala hauitaji kwa jina. Kwenye shule za inglishi midiamu mambo ni yale yale, isipokuwa huko mzazi ndiye amelipa ili mtoto asielewe. Watoto wa miaka minne huimba "ei fo apo" bila kulijua tunda hilo wala kusikia kwamba neno linaanza kwa sauti nyingine kabisa na ile ya jina la herufi. Kama kuna darasa linalohitaji mchezo kuliko kunakili, ni hilo, na ndilo lenye madaftari yaliyojaa kuliko yote.

Mzazi bado anastahili kuonyeshwa kitu. Kumwambia "tuamini" ni kiburi. Baadhi ya walimu wameanza kuwaita wazazi asubuhi moja kwa muhula, si kwa mahafali, wakae kwenye viti vidogo na kuwatazama watoto kazini: mtoto asimulie hadithi kwa kutumia picha tatu, akate jina lake kwa makofi, aitafute kadi yake kati ya kadi zote, aandike deni la duka kwa namna anavyoweza. Mama aliyemwona mwanawe akijisahihisha kutoka "sukari" hadi "sabuni" huacha kuuliza kuhusu kurasa. Pale wazazi hawawezi kuacha kazi, mwalimu huweka tarehe kwenye michoro na kuitunza, ili Machi ilinganishwe na Septemba.

Linabaki suala la watu wazima, na hapo ndipo serikali zetu hukwama. Mwaka 2021 Tanzania, kwa mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa uliotokana na UVIKO-19, ilijenga vyumba vya madarasa 15,000 kwa mkupuo, 3,000 kati yake kwenye vituo shikizi, ambako watoto wadogo husomea karibu na nyumbani badala ya kutembea hadi shule mama. Watoto wa miaka mitano wa vitongoji vya mbali walifaidika kweli. Ukuta hata hivyo hulipiwa mara moja, mshahara hurudi kila mwezi, na ndiyo sababu madarasa huongezeka haraka kuliko walimu. Kenya ina tatizo hilo kwa sura nyingine: kaunti ndizo zinazowaajiri walimu wa PP1 na PP2, na wengi wao wamefanya kazi miaka kwa mikataba midogo na malipo yasiyolingana na wenzao wa darasa la kwanza wanaolipwa na Tume ya Huduma za Walimu.

Suluhisho la bei nafuu linajulikana, nalo ni msaidizi. Mwalimu mwenye watoto 80 na kijana mmoja aliyefunzwa wiki kadhaa anaweza kuligawa darasa: nusu nje kwenye rede na mdako na kijana, nusu ndani kwenye kona na mwalimu, kisha wabadilishane baada ya uji. Kuna shule zinafanya hivyo. Ila michango ya lazima imekatazwa katika shule za umma za Tanzania, kwa nia njema kabisa, na halmashauri nyingi hazina fungu la msaidizi wa awali. Kwa hiyo posho yake hutoka kwa wazazi walio tayari, ikipatikana. Kijana aliyemaliza kidato cha nne anajitolea muhula mmoja, anaanza kuwajua watoto kwa majina, anapata kibarua chenye mshahara na kuondoka, na mwalimu anaanza kumtafuta mwingine wa kumfunza upya.